Boti za kioo: mgeni ana kalenda yake, bahari ina yake

Mtu akisimama pale Pirates mwezi wa Juni, akaona boti za kioo zimetia nanga bila abiria, husema wageni hawapo. Akirudi Disemba na kukuta watu wanangojea zamu, husema boti ni chache. Mimi ni mkaazi wa Kisauni, na manahodha wa huku nimewasikiliza miaka mingi. Hesabu yao haiko hivyo. Wanachouza wao ni masaa, na masaa hayo hupangwa na mwezi.

Matumbawe ya Hifadhi ya Bahari ya Mombasa, iliyotengwa mwaka 1986, huonekana vizuri kupitia sakafu ya kioo maji yakiwa yamekupwa. Siku za bamvua, karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hukupwa mnamo saa nne asubuhi. Hiyo ndiyo saa ya biashara: mgeni ameshakunywa chai hotelini, jua limepanda, na chini samaki wanaonekana mmoja mmoja. Wiki inayofuata ni maji mafu. Kupwa huangukia alfajiri na tena alasiri, na hata hapo maji hayatoki sana. Mgeni aliyeteremka ndege wiki hiyo ana hamu ile ile na pesa zile zile, ila anachokitafuta kimefunikwa.

Juu ya mwezi kuna pepo. Wakati wa kaskazi, kuanzia Novemba hivi hadi Machi, bahari hutulia na maji husafika, na ndipo Wazungu wanapokimbia baridi ya kwao. Kusi likiingia Aprili, mawimbi hukua na maji huchafuka. Lakini Agosti ni likizo, ya Ulaya na ya shule zetu pia. Basi wateja wapo na bahari haitaki, na hapo ndipo ninapoona hatari: broka aliyekwisha pokea pesa humsukuma nahodha atoke. Nahodha huyu akikataa, yuko mwenzake aliyekaa wiki nzima bila safari.

Bei nayo ina mambo yake. Mgeni hulipa kitita kimoja. Ndani yake mna ada ya hifadhi inayokwenda KWS, fungu la broka, mafuta, mwenye boti, kisha baharia. Bei ikishuka kwa kugombania wateja, ada haishuki wala petroli. Kinachokatwa ni cha baharia.

Safari za siku nzima ni soko jingine. Wanaotaka kuona pomboo huenda Shimoni, wakatembezwa hifadhi ya Kisite-Mpunguti na kula kaa Wasini. Zamani gari la kutoka Nyali lilikuwa lazima livuke feri ya Likoni, na foleni yake mnaijua. Siku hizi laweza kuzunguka kupitia Miritini na Dongo Kundu. Kwa maoni yangu, barabara hiyo imewapa mabaharia wa Kisauni mshindani wa kweli.

Jedwali la maji hutolewa na Mamlaka ya Bandari ya Kenya kila mwaka. Lingebandikwa mapokezi ya kila hoteli, mgeni angechagua siku yake mwenyewe, na nahodha angekuwa na karatasi ya kumwonyesha broka.