Kiingilio Kimo Mkononi mwa Nani?

Mashabiki wa muziki wa roki nchini Marekani wana shutuma moja ambayo kwa miaka mingi wamewatupia wanamuziki waliokuwa wakiwapenda: kwamba wamejiuza. Kwa Kiswahili shutuma hiyo inakuwa nzito kupita ilivyo huko kwao, maana kwetu mtu anayejiuza hauzi nyimbo. Lakini hata tukiipunguza uzito, naona imewapotosha wengi. Imewafanya wachungulie moyo wa msanii, kama ni safi au umechafuka, ilhali jambo kubwa lilikuwa likiamuliwa mlangoni, pale kiingilio kinapolipwa.

Katika miaka ya 1980, jina la roki mbadala liliwahusu vijana waliorekodi kwa kampuni ndogo, wakapigwa na redio za vyuo vikuu, na kutumbuiza katika vilabu na kumbi za makanisa. Septemba 1991 kundi la Nirvana lilitoa albamu ya Nevermind kupitia DGC, tawi la kampuni kubwa ya Geffen, na Januari 1992 albamu hiyo ikaiondoa Dangerous ya Michael Jackson katika nafasi ya kwanza ya chati ya Billboard. Hapo neno "mbadala" likapoteza maana, kwa kuwa kilichokuwa pembeni kilikuwa sasa katikati ya soko. Mwezi Aprili Kurt Cobain alitokea kwenye jalada la Rolling Stone akiwa na fulana iliyoandikwa kwamba majarida ya makampuni bado ni hovyo. Wengi walimsifu kwa ujasiri. Mimi naona picha ile inaonyesha jinsi alivyobanwa: hata lawama yake ilifika kwa wasomaji ikiwa bidhaa.

Aliyelitazama jambo hili kwa jicho la mhasibu ni Steve Albini, mpiga gitaa na fundi wa kurekodi wa Chicago. Mwaka 1993 aliandika insha katika jarida la The Baffler akipiga hesabu za kundi la mfano lililotia saini na kampuni kubwa. Kundi liliuza nakala 250,000. Baada ya kulipwa studio, meneja, wakili, safari na deni la fedha za awali, kila mwanamuziki alibaki na takribani dola 4,031. Albini mwenyewe, aliporekodi In Utero ya Nirvana mwaka huohuo, alikataa asilimia ya mauzo, akataka alipwe mara moja kama fundi bomba. Natamani insha hiyo isomwe na kila mshairi wetu kabla hajatia saini mkataba wa diwani.

Kundi la Fugazi la mjini Washington ndilo lililokwenda mbali zaidi. Ian MacKaye na Jeff Nelson walikuwa wameanzisha kampuni ya Dischord mwaka 1980, na Fugazi, iliyozaliwa mwaka 1987, ilitoa kazi zake humo hadi mwisho. Kiingilio chao kwa kawaida kilikuwa dola 5, na mtu wa umri wowote aliruhusiwa kuingia. Sharti hilo la pili lina maana kubwa: katika vilabu vya Marekani faida hutoka kwenye pombe, hivyo watoto huzuiwa. Ukitaka watoto waingie, sharti utafute ukumbi usiotegemea kaunta ya bia. Ndiyo sababu walipiga katika kumbi za makanisa na shule, na bure katika bustani ya Fort Reno. Fulana zenye jina lao hawakuuza. Na mtu aliyekuwa akipiga wenzake mateke mbele ya jukwaa alirudishiwa dola zake 5 na kutolewa nje. Nafikiri kitendo hicho kingekuwa kigumu kwa kiingilio cha dola 75. Bei ndogo iliwapa waimbaji uhuru wa kumkemea mteja.

Pearl Jam ya Seattle ilitaka jambo lilelile ikiwa tayari imekuwa kubwa mno. Albamu yao ya pili, Vs., iliuza nakala zipatazo 950,000 katika wiki ya kwanza, Oktoba 1993. Walitaka tikiti isizidi dola 20, ikiwa ni dola 18 za kiingilio na ada ya huduma isiyozidi dola 1.80. Ticketmaster, iliyokuwa imemnunua mshindani wake mkubwa Ticketron mwaka 1991, ilikuwa na mikataba ya pekee na kumbi nyingi kubwa, na kumbi hizo zilipata sehemu ya ada. Mei 1994 kundi lilipeleka malalamiko Wizara ya Sheria, na tarehe 30 Juni Stone Gossard na Jeff Ament wakatoa ushahidi mbele ya kamati ndogo ya Baraza la Wawakilishi. Mwaka 1995 walijaribu ziara ya viwanja visivyofungwa na mikataba hiyo. Ziara ikayumba. Julai wizara ilifunga uchunguzi, na kufikia 1998 kundi lilikuwa limerudi katika kumbi zilezile.

Wakosoaji walisema Pearl Jam walishindwa. Walishindwa kweli, lakini walikuwa na msimamo kama wa Fugazi; walichokosa ni mlango wao wenyewe. Watu 800 unaweza kuwatafutia ukumbi wa kanisa. Watu 15,000 huwezi, na anayemiliki jengo ndiye anayepanga bei. Mwaka 2010 Ticketmaster iliungana na Live Nation, waandaaji wa matamasha, na Mei 2024 Wizara ya Sheria ikaishtaki kampuni hiyo kwa kuhodhi soko.

Wapenda lugha watambue kwamba "kuingilia", mzizi wa kiingilio, pia ni kujitia katika jambo la wengine. Sisi tuliokuwa watu wazima mwaka 1983, wakati wa vita dhidi ya walanguzi nchini Tanzania, hatuhitaji kufundishwa maana hiyo ya pili. Kwenye taarabu, baada ya kulipa mlangoni, bado msikilizaji huinuka, huenda hadi kwa mwimbaji na kumtuza kiasi anachokipenda yeye, mkono kwa mkono. Fugazi hawakuijua desturi hiyo, ila walikuwa wakitafuta jirani yake.

Walipiga onyesho lao la mwisho jijini London, Novemba 2002. Tangu 2011 Dischord imeweka wazi kumbukumbu ya mamia ya maonyesho yao: bei inayopendekezwa ni dola 5 kwa onyesho zima, na msikilizaji anaweza kulipa chini au juu ya hapo. Baadhi ya rekodi zina sauti mbovu, na tovuti inakuambia hivyo kabla hujalipa. Humo utasikia nyuzi zikikazwa, na MacKaye akisimamisha wimbo ili kumwambia kijana mmoja aache kuwaumiza wenzake.