Fragile (albamu)

Fragile ni albamu ya nne ya studio ya Yes, bendi ya muziki wa roki kutoka Uingereza. Ilitolewa na Atlantic Records mnamo Novemba 1971 nchini Uingereza na Januari 1972 nchini Marekani. Huhesabiwa kati ya albamu muhimu za roki ya progresivu, yaani tawi la roki lililostawi Uingereza tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, likichanganya roki na muziki wa klasiki, jazi na nyimbo za kiasili. Jina la albamu ni neno la Kiingereza lenye maana ya kitu kinachovunjika kwa urahisi.

Historia

Yes ilianzishwa jijini London mwaka 1968 na mwimbaji Jon Anderson pamoja na mpiga gitaa la besi Chris Squire. Albamu yao ya tatu, The Yes Album (1971), iliwaletea mafanikio makubwa ya kwanza. Baadaye mwaka huohuo mpiga kinanda Tony Kaye aliondoka. Yeye alipendelea ogani na piano, ilhali wenzake walitaka pia vinanda vipya vya umeme. Nafasi yake ilichukuliwa na Rick Wakeman kutoka bendi ya Strawbs, ambaye aliwahi kusoma katika Royal College of Music. Wengine walikuwa mpiga gitaa Steve Howe na mpiga ngoma Bill Bruford.

Albamu ilirekodiwa katika Advision Studios, London, na kutayarishwa na bendi yenyewe pamoja na Eddy Offord. Muda ulikuwa mfupi, na vinanda vya Wakeman viligharimu fedha nyingi. Kwa sababu hiyo iliamuliwa kwamba nyimbo nne zitungwe na kupigwa na bendi nzima, na vipande vitano vifupi viongozwe na mwanamuziki mmojammoja. Hivyo uhaba wa fedha na muda ulichangia kuipa albamu sura yake ya pekee.

Orodha ya nyimbo

1. "Roundabout": wimbo wa bendi nzima. Anderson na Howe waliutunga baada ya safari ya barabarani nchini Uskoti, walikopita vipilefti vingi. Ndiyo maana ya jina lake. Sauti inayoufungua ni ya piano iliyorekodiwa kisha kuchezwa kinyumenyume.
2. "Cans and Brahms": Wakeman anapiga sehemu ya Simfoni ya 4 ya Johannes Brahms, kila kinanda kikishika nafasi ya kundi fulani la ala za okestra.
3. "We Have Heaven": sauti ya Anderson imerekodiwa mara nyingi na kupangwa tabaka juu ya tabaka. Mwishoni mlango unafungwa na miguu inasikika ikikimbia.
4. "South Side of the Sky": wimbo wa bendi nzima kuhusu wasafiri wanaokabiliwa na kifo katika baridi kali. Katikati, piano na sauti zisizo na maneno huleta utulivu.
5. "Five Per Cent for Nothing": utunzi wa Bruford wa takriban nusu dakika.
6. "Long Distance Runaround": wimbo mfupi wa bendi, unaoungana na unaofuata bila kituo.
7. "The Fish (Schindleria Praematurus)": Squire anatumia magitaa ya besi kwa karibu kila sauti ya ala. "Samaki" lilikuwa jina lake la utani.
8. "Mood for a Day": Howe anapiga gitaa peke yake, kwa mtindo unaokaribia flamenko ya Hispania.
9. "Heart of the Sunrise": wimbo wa bendi nzima wa zaidi ya dakika 10. Baada yake mlango unasikika ukifunguliwa, na "We Have Heaven" inarudi kwa muda mfupi.

Tathmini

Wapo wanaoona kwamba vipande vifupi vinakatiza mtiririko wa albamu na kwamba vingine ni vyepesi mno kulinganishwa na nyimbo kubwa. Hoja hiyo ina uzito, hasa kwa "Cans and Brahms", ambayo ni kazi ya mtunzi mwingine. Mkataba wa Wakeman na kampuni nyingine ya rekodi ulimzuia kutoa utunzi wake mwenyewe.

Hata hivyo, vipande hivyo humfundisha msikilizaji kutambua sauti ya kila mwanamuziki. Aliyesikia "The Fish" akirudia "Roundabout" atagundua kuwa besi haifuati tu nyuma ya gitaa, bali mara nyingi inabeba wimbo. Vilevile, mwenye kuisikia "Mood for a Day" hupata urahisi wa kufuata zamu za ukali na upole katika "Heart of the Sunrise".

Mapokezi na urithi

Albamu ilifika nafasi ya 7 Uingereza na ya 4 Marekani. "Roundabout", iliyofupishwa kwa ajili ya singo, ilifika nafasi ya 13 Marekani. Mwaka 2012 ilianza kutumika kufunga vipindi vya katuni ya Kijapani JoJo's Bizarre Adventure, ikawafikia vijana wengi.

Jalada lilichorwa na Roger Dean: sayari ndogo ambayo, upande wa nyuma, inavunjika vipande. Hiyo ilikuwa kazi yake ya kwanza kwa Yes, na michoro yake ikawa alama ya bendi hiyo.

Wanamuziki hao watano walitoa albamu moja zaidi, Close to the Edge (1972), kabla ya Bruford kuhamia King Crimson.