Sewa Haji Paroo na Swali la Mali

Katika Tarime na Serengeti mali ya mtu hujulikana kwa zizi lake, na ng'ombe aliyewekwa kwa rafiki hujenga udugu. Pwani, katika karne ya 19, mkopo ulikuwa na sura nyingine. Tunakusudia kuitazama katika maisha ya Sewa Haji Paroo, ambaye jina lake lingali limebaki katika hospitali ya Muhimbili.

Sewa alizaliwa mwaka 1851 katika jamaa ya Waismailia wenye asili ya Kachi, Bara Hindi, waliofanya biashara Unguja na Bagamoyo. Benki ya Kijerumani ya Afrika ya Mashariki ilianzishwa mwaka 1905; kabla yake matajiri wa namna hii ndio waliokuwa benki. Msafara ulichukua kwake vitambaa, shanga, nyaya na baruti kwa mkopo, akautafutia na wapagazi. Ukirudi na pembe za ndovu, deni lilikatwa humo. Stanley, aliyeajiri wapagazi kupitia kwake mwaka 1871, aliandika akimlaumu kwa hila.

Faida aliigeuza kuwa majumba na ardhi. Ndipo akaanza kutoa. Mwaka 1892 alimkabidhi Gavana von Soden jengo la shule huko Bagamoyo, kwa ajili ya watoto wa rangi na dini zote. Alitoa pia fedha za hospitali. Alipofariki mwezi Februari 1897, aliacha mali ambayo mapato yake yawasaidie wagonjwa na wenye ukoma.

Twasemaje sisi? Baruti iliyokopeshwa kwa ajili ya ndovu iliweza kuchoma vijiji, na pembe zilishuka pwani mabegani mwa watu. Hata hivyo mwenye ukoma aliyelishwa alilishwa kweli. Zakayo (Luka 19:8) alitaja mambo mawili: kuwapa maskini, na kuwarudishia aliowanyang'anya. La kwanza Sewa alilitenda kuliko wengi; kwa la pili, wapagazi hawakuacha vitabu vya hesabu vya kuwatetea.

Basi mchungaji wa Tarime aletewapo ndama siku ya mavuno, na majirani wakinong'ona kwamba ametoka katika ng'ombe wa wizi, asiharakishe kushukuru. Amwulize kwanza mtoaji habari za yule aliyeachiwa zizi tupu. Sadaka haifuti deni la jirani.