Ushahidi Bila Uso: Chapa, Picha na Mwili wa Mwanamke kutoka Nairobi hadi Ituri

Utangulizi

Tarehe 8 Julai 2019, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC) mjini The Hague ilimtia kiongozi wa waasi Bosco Ntaganda hatiani kwa makosa 18 yaliyotendwa Ituri, mashariki mwa Kongo, mwaka 2002 na 2003, yakiwemo ubakaji na utumwa wa kingono. Mashahidi wengi wa kesi hiyo walitambulishwa kwa namba. Nyuso zao zilifichwa, sauti zao zikageuzwa kwa mitambo. Majaji hawakuhesabu kufichwa huko kuwa upungufu wa ukweli. Katika miaka ya vita na ya kesi hiyo, magazeti na mashirika ya misaada yalikuwa yakisambaza picha za wanawake wa mashariki mwa Kongo kwa imani iliyo kinyume kabisa: kwamba walimwengu hawataguswa mpaka waonyeshwe uso, kovu na machozi.

Makala hii inadai kwamba majaribio ya chapa na picha, hasa katika kazi za msanii Mkenya Wangechi Mutu, yanatupa njia ya kutoka katika mgongano huo. Mutu haonyeshi jeraha la mtu halisi. Anaonyesha karatasi ambayo juu yake wengine waliuandika mwili wa mwanamke, kisha anaikata, anaifunika na kuichapa upya. Kwa msomaji wa Bunia, mji mkuu wa Ituri, hoja hii si ya ugenini, kwa sababu mwili wa watu wa Ituri umepimwa na kupigwa picha tangu enzi za ukoloni, na kwa sababu msitu wa Ituri wenyewe una sanaa ya wanawake iliyokwisha kuonyesha kwamba mwili unaweza kusemwa bila kuanikwa.

Mwili kwenye karatasi ya wengine

Kuanzia 1909 hadi 1915, Herbert Lang, kiongozi wa msafara wa Jumba la Makumbusho ya Historia ya Asili la New York, alizunguka kaskazini-mashariki mwa Kongo akarudi na picha karibu 10,000. Mwaka 1934 na 1935 padri na mwanaanthropolojia Martin Gusinde alikuwa msituni Ituri pamoja na Paul Schebesta, akiwapima Wambuti, wakazi wa msitu huo. Kitabu chake, Urwaldmenschen am Ituri, kilichapishwa Vienna mwaka 1948. Picha za kianthropolojia za wakati huo zilikuwa na desturi yake: mtu atazame mbele, kisha ageuke ubavu. Mara nyingi chini ya picha liliandikwa kabila, jina la mtu likaachwa. Aliyesimama mbele ya kamera akageuka kielelezo cha watu wote wa aina yake.

Tiba nayo ilikuwa na karatasi zake. Kati ya 1845 na 1849, huko Alabama, daktari J. Marion Sims aliwapasua mara kwa mara wanawake watumwa, bila dawa ya usingizi, akitafuta namna ya kushona fistula, yaani tundu kati ya uke na kibofu. Majina matatu ndiyo yaliyohifadhiwa: Anarcha, Betsey na Lucy. Fistula hiyohiyo ndiyo ambayo madaktari wa mashariki mwa Kongo wameitibu kwa wingi tangu vita vilipoanza. Lakini katika michoro ya vitabu vya karne ya 19 mgonjwa haonekani. Kilichobaki ni kiungo, namba na jina la maradhi.

Mkasi, gundi na chapa

Mutu, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1972 na kusomea sanaa Cooper Union na Chuo Kikuu cha Yale, aliichukua michoro ya namna hiyo katika mfululizo wake wa kazi 12 uitwao Histology of the Different Classes of Uterine Tumors. Juu ya michoro ya kitabibu ya mji wa mimba, shingo yake, uvimbe na vidonda, alibandika macho, midomo na vipande vya nyuso za wanawake weusi alivyokata kwenye majarida, akaongeza manyoya na unga wa kumetameta. Mchoro wa kiungo ukawa kichwa cha mtu.

Jambo la kuzingatia ni kwamba Mutu hakulifuta jina la maradhi. Maneno ya daktari bado yanasomeka, ila sasa yanasomwa mbele ya mtu anayekutazama. Mtazamaji hawezi tena kusoma utambuzi wa ugonjwa bila kukutana na jicho. Wala msanii hafichi mahali alipokata: kingo za vipande zinaonekana wazi, kwa hiyo hakuna anayedanganywa kwamba huyu ni mwanamke halisi aliyesimama mbele ya kamera. Kolaji, yaani picha ya vipande vilivyobandikwa, inakiri kwamba imetengenezwa, ilhali picha ya msafara na mchoro wa daktari vilijifanya ni maumbile yenyewe.

Mwaka 2006 mfululizo huo ulitolewa kama seti ya chapa za kidijitali zilizobandikwa vipande juu yake. Hatua hii ina uzito wa kinadharia. Uchapaji ndio uliomgeuza mwanamke kuwa kielelezo, kwa kuwa picha moja ilirudiwa hadi ikawa ukweli wa wote. Mutu anaitumia mashine ileile, lakini mkono unaingilia kati.

Katika mfululizo wa Pin-Up wa mwaka 2001 alikuwa amekwisha kujaribu mbinu ya jirani. Kwa mbali unaona warembo wa kwenye mabango. Ukisogea unagundua kwamba wamekatwa viungo. Kazi hizo zinaelekeza kwenye vita vya almasi vya Sierra Leone, lakini mtu wa Mongbwalu, mji wa dhahabu uliogombewa na makundi yenye silaha, hahitaji kufafanuliwa uhusiano kati ya pambo linalong'aa na mwili uliokatwa.

Goma na msituni

Karibu zaidi na Bunia yuko Pamela Tulizo, mpiga picha wa Goma aliyeshinda mwaka 2020 tuzo ya Dior ya wapiga picha chipukizi kwa mfululizo wa Double Identité. Yeye haukati mwili. Anaugawa kwa kioo na mavazi, mwanamke mmoja akionekana kuwa wawili. Uso upo, lakini umepangwa na kuigizwa, na swali la nani anamtazama nani halifungwi. Tulizo anatuzuia tusidhani kwamba kuficha uso ni kanuni. Kanuni ni kwamba mwanamke asiishie katika sura moja aliyochaguliwa na wengine.

Msituni Ituri kanuni hiyo ina umri mrefu. Wambuti wanapotengeneza mbugu, yaani nguo za magome ya miti, wanaume hugonga gome na wanawake huchora, kwa rangi nyeusi ya maji ya tunda la gardenia na makaa. Michoro ya aina hiyohiyo huchorwa kwenye ngozi. Mistari hukatika ghafla, nafasi huachwa wazi kwa makusudi. Mwanahistoria wa sanaa Robert Farris Thompson aliiandikia makala mwaka 1983, na mwaka 1991 jumba la makumbusho la Dapper la Paris likatoa kitabu juu yake. Wakati Gusinde akipima miili, wanawake wa msitu huohuo walikuwa na namna yao ya kuiandika, na kalamu ilikuwa mikononi mwao.

Mapingamizi mawili

Pingamizi la kwanza linasema kwamba Mutu, kwa kutumia majarida ya mitindo na hata ya ngono, anaurudia unyonyaji anaoupinga, tena kwa soko la New York ambalo mwanamke wa Djugu, huko Ituri, hatalifikia. Kuhusu soko, lawama ni ya haki. Kuhusu mbinu, si kweli: kipande kilichokatwa hakifanyi tena kazi yake ya kwanza, kwani aliyekuwa anatazamwa ili auzwe sasa anamkabili mtazamaji.

La pili ni zito zaidi: Ituri inahitaji ushahidi, na mafumbo ya wasanii yanaweza kuwafaa wahalifu. Hapa kesi ya Germain Katanga, kiongozi wa wanamgambo wa Ituri aliyeshtakiwa ICC, inatufundisha. Katika hukumu ya 7 Machi 2014, majaji walikubali kwamba ubakaji ulitendeka katika shambulio la Bogoro la 24 Februari 2003, lakini wakamwondolea Katanga makosa hayo. Mateso ya wanawake yalikuwa yamekwisha kuaminiwa. Kilichokosekana ni uthibitisho wa kumfunga mshtakiwa na tendo. Hata kama dunia ingeonyeshwa makovu elfu, pengo hilo lisingezibika.

Hitimisho

Kwa hiyo hoja kwamba uso lazima uonyeshwe kwa ajili ya haki haina mguu wa kusimamia, mahakamani wala kwenye sanaa. Wahariri, mashirika na wanafunzi wa sanaa Bunia wanaweza kuipima kila picha ya mwanamke kwa maswali matatu: je, aliyepigwa picha alikuwa na uwezo wa kukata, kufunika au kuongeza? Je, picha inakiri kwamba imetengenezwa? Je, jina la jeraha limekuwa kubwa kuliko mwenye jeraha? Picha inayoshindwa maswali hayo inaendeleza kazi ya Lang na Gusinde, hata ikiwa chini yake pameombwa mchango.