Sindano Mkononi mwa Mwenye Duka

Historia ya muziki wa Afrika Mashariki imezoea kusimuliwa kutoka jukwaani. Tunatajiwa mwimbaji, mpiga solo, bendi na mwaka iliposambaratika. Tukisogea kidogo tunatajiwa redio. Mwenye duka la santuri akipewa nafasi, basi ni sentensi moja ya lawama: tajiri aliyenunua jasho la watu kwa bei ya kutupa. Lawama hiyo ina haki yake, na nitaifikia. Ila imetusahaulisha kazi nyingine aliyoifanya mtu yule, nayo ndiyo ninayotaka kuitetea hapa. Kwa zaidi ya nusu karne, kutoka Unguja hadi Nairobi, duka la santuri lilikuwa mahali pa kuamua ni muziki upi utakuwa kitu cha kushikika, kinachouzwa, kinachobebwa na kuachiwa watoto. Mwenye duka alipomwambia mteja asikilize mzigo mpya ulioingia juzi, mara nyingi alikuwa anampigia wimbo ambao bila kisio lake na fedha zake usingekuwa kwenye sahani yoyote.

Tuanze Unguja. Kinanda cha santuri kilifika pwani mapema, lakini miaka yake ya kwanza kilisema lugha za ng'ambo ya bahari: sauti za Misri kwa wapenzi wa Kiarabu, nyimbo za Bara Hindi kwa wafanyabiashara na familia zao. Mswahili alisikiliza, akafurahi, akarudi kwake bila kusikia neno la kwao. Machi 1928 mambo yakageuka. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba aliyewahi kutembeza vyungu alivyofinyanga mama yake, alipanda meli na wapigaji wenzake kwenda Bombay kurekodiwa na kampuni ya Gramophone, ile ya nembo ya mbwa aliyeinamia pembe. Safari ile haikuzuka London. Kampuni ilikuwa na wakala wake Unguja, mtu wa biashara aliyejua nani anapita mbele ya mlango wake na ana nini mfukoni, na wakala wa namna hiyo ndiye aliyeweza kukisia kwamba mtu wa mtaa wa Ng'ambo, si wa Mji Mkongwe peke yake, atatoa fedha akinunue Kiswahili chake mwenyewe. Kisio lilikuwa sahihi kupita matumaini. Kufikia 1931 kampuni ilikuwa imeuza Afrika Mashariki santuri za Kiswahili zipatazo 72,000, nyingi zikiwa za Siti na kundi lake. Upime uzito wa namba hiyo: sensa ya mwaka ule ule iliwahesabu watu kama 235,000 katika Unguja na Pemba zote mbili. Kampuni za Odeon na Columbia hazikukawia kuja kutafuta fungu lao.

Biashara ile iligusa hata umbo la wimbo. Upande mmoja wa sahani ya mizunguko 78 ulibeba dakika tatu hivi. Usiku wa harusi mwimbaji wa taarab hurefusha wimbo kadiri anavyotunzwa. Beti ikichoma, mtu huinuka na noti yake, na beti hurudiwa. Mbele ya mikrofoni ya kurekodia hakuna wa kuinuka. Wimbo ulibidi ukatwe, au ugawanywe sehemu ya kwanza upande huu na ya pili upande wa pili, na aliyekuwa akijua kama wateja watakubali kugeuza sahani katikati ya hadithi alikuwa mtu wa kaunta. Desturi hii iliendelea hadi enzi ya santuri ndogo za mizunguko 45: upande wa kwanza maneno, upande wa pili magitaa yanayochemka. Wachambuzi huisifu kama mbinu ya kisanii, na imekuwa hivyo. Asili yake ni kipimo cha bidhaa.

Baada ya Vita Kuu ya Pili Nairobi ilichukua usukani. Chapa ya Jambo ilianza mwishoni mwa miaka ya 1940, na zikafuata nyingine ambazo majina yake ni ushahidi tosha wa ninachodai. AGS ni kifupi cha African Gramophone Stores. CMS ni Capitol Music Stores. Majina hayo ni ya maduka. Mtu aliyekuwa anauza gramafoni, sindano na santuri za kutoka nje aliona wateja wanaulizia nyimbo ambazo hana, akaamua kuzitafuta kwa wanaozipiga. Kijana aliyetoka bara na gitaa lake hakuhitaji kujua anwani ya kampuni Ulaya; alihitaji kujua barabara. Duka la Melodica pale Tom Mboya Street, lililofunguliwa 1971, liliendeleza mkondo huo huo wa kuuza mbele na kutoa santuri kwa jina lake.

Mfano ulio wazi kuliko yote uko Mombasa. Assanand & Sons walikuwa na duka la muziki mjini, na katika miaka ya 1960 wakaanzisha chapa yao, Mzuri. Kwa muongo mmoja hivi chapa hiyo ilitoa santuri ndogo za Zuhura Swaleh, Zein l'Abdin, Matano Juma, Yaseen Mohamed, Juma Bhalo na wengine, na tukisema leo "taarab ya Mombasa ya zamani" tunasema, kwa sehemu kubwa, orodha ya duka lile. Mtazame Juma Bhalo. Alichukua lahani za filamu za Kihindi akazivika ushairi wa Kiswahili wa Mvita, na mashabiki wake wakawa hawataki kingine. Duka lenye wateja wa nyimbo za filamu na wateja wa Kiswahili halikuhitaji kufikiri sana kumwelewa mtu kama huyu: alikuwa ameunganisha rafu mbili. Mtu anaweza kusema kwamba lahani zile zilitoka sinema, na duka lilifuata tu kilichokwisha kupendwa. Kweli, Mombasa ilijaa sinema na watu walitoka humo wakipiga mbinja. Lakini filamu hukaa wiki chache ikaondoka. Fundi anayetaka kuiweka lahani kwenye harmonia, nota kwa nota, huhitaji kuirudia mara ishirini, na kitu ambacho watu wengi wa miaka ile waliweza kukirudia mara ishirini ni santuri.

Duka kugeuka chapa si uganga wa Afrika Mashariki. New York, duka la Commodore lilianza kutoa santuri zake 1938, na mwaka uliofuata likamrekodi Billie Holiday wimbo ambao kampuni yake ya kawaida iliukwepa. London, Rough Trade lilifungua milango 1976 na kuanza chapa 1978, na hadi leo husimuliwa kama mwanzo wa ushujaa wa maduka huru. Sina ugomvi na ushujaa huo. Nasema tu kwamba Mombasa ilikuwa imeshaifanya kazi hiyo miaka mingi kabla ya Rough Trade, bila mtu kuipa jina la fahari, kwa sababu hapa haikuwa uasi dhidi ya makampuni makubwa. Ilikuwa njia ya kawaida ya kupata mzigo.

Pingamizi zito ni redio. Atasimama mtu aseme kwamba Sauti ya Dar es Salaam, iliyoanza 1951, na idhaa zilizoifuata ziliwafikia watu ambao hawakuwahi kukanyaga duka la santuri. Mkulima wa Tabora alijua nyimbo bila kumiliki hata sahani moja. Sikatai hata kidogo. Redio ilieneza. Ila tazama kilichotokea pale redio iliposimama peke yake, maana Tanzania ilitupatia jaribio ambalo hakuna mtafiti angethubutu kulipanga. Radio Tanzania Dar es Salaam ilirekodi bendi karibu zote za maana, kwa kanda zake, studioni kwake, kwa ajili ya matangazo. Kiwanda cha santuri nchini hakikuwapo, na biashara binafsi ilikuwa imebanwa. Matokeo yake ni kwamba moja ya zama tajiri kabisa za muziki wa dansi ilipita hewani. Msikilizaji alingoja kipindi. Kikiisha, wimbo umekwenda. Waliotaka sahani walivuka mpaka. Ndugu wa Kinyonga kutoka Tanga walihamia Kenya wakaunda bendi ya Simba Wanyika, na mwishoni mwa miaka ya 1970 Les Wanyika, iliyomeguka kutoka humo, ilitoa "Sina Makosa" Nairobi, santuri ambayo bado inapigwa. Bendi zilizobaki Dar es Salaam zilitegemea kanda zao ziangukie mikononi mwa mtoaji wa Nairobi, na mpaka ulipofungwa 1977 hata njia hiyo ikawa ya kupenyeza hadi ulipofunguliwa tena 1983. Wapiga gitaa walikuwa hodari pande zote mbili za mpaka wa Namanga. Kilichotofautiana ni kaunta.

Sasa lile la unyonyaji. Ni kweli kwamba wanamuziki wengi walilipwa mara moja, fedha taslimu, wakatia sahihi karatasi ambayo hawakuisoma, na wimbo uliouzwa kwa miaka haukuwarudishia kitu. Wapo waliokufa maskini huku sahani zao zikizunguka. Hakuna hoja ya utamaduni inayofuta deni hilo, na anayesema mwenye duka alikuwa "mlezi wa sanaa" anampamba. Hata hivyo, ubahili wake ndio unaolipa kisio lake uzito wa ushahidi. Mtangazaji akikosea, anapiga wimbo mwingine. Mwenye duka akikosea, mia kadhaa za sahani zinabaki kwake zikila vumbi. Kwa hiyo spika aliyoigeuzia barabarani ilisema alichokiamini kwa fedha yake, na mpita njia aliyesimama kwa dakika moja, akatikisa kichwa na kuendelea na safari, alikuwa anapiga kura. Tungekuwa na daftari za maduka yale, tungekuwa na historia ya masikio ya watu wa kawaida ambayo hakuna gazeti lililoiandika.

Kaseti iliuvuruga mpangilio huo, na hapa nitapita haraka. Miaka ya 1980 kila mwenye mashine mbili aliweza kuwa kiwanda, na santuri haikuhimili. Mombasa, maduka ya kaseti kama Mbwana Radio Service yaliokoa taarab kwa kurekodi na kunakili. Kariakoo, Dar es Salaam, wasambazaji ambao vijana waliwaita wadosi wakawa mlango wa Bongo Fleva, wakisifiwa na kulaaniwa kwa pumzi moja, sawasawa na waliowatangulia.

Leo santuri imerudi kuwa kitu cha kutafutwa. Soko la Kenyatta, Nairobi, lina kibanda kinachojulikana kwa sahani za zamani, na mwaka 2005 chapa ya Buda Musique ya Ufaransa ilikusanya taarab ya Mzuri katika mfululizo wa Zanzibara, ikiwapendekezea watu wa Paris nyimbo ambazo Mombasa ilipendekezewa miaka arobaini nyuma. Kuna jambo wakusanyaji hulijua na wasomaji wa majalada hawaambiwi. Sahani iliyopendwa hurudi imechakaa: imepigwa harusini, imeazimwa, imewekwa juani, sindano imeichimba mpaka sauti ya mwimbaji inatoka kama mtu anayekaanga samaki. Inayong'aa, ambayo bado imo kwenye bahasha yake ya karatasi, mara nyingi ni ile iliyokataliwa na mpita njia, ikabaki stoo. Anayenunua leo kwa kuangalia usafi wa sahani, pengine ananunua makosa ya mwenye duka.