Ufunguo Mkononi mwa Nani: Historia ya Kinga za Kunakili katika Michezo ya Kompyuta

Michezo ya kompyuta, yaani ile inayoendeshwa kwenye kompyuta ya kawaida ya nyumbani na si kwenye mashine iliyoundwa kwa ajili ya michezo pekee, imeandamana tangu utoto wake na mbinu za kuizuia isinakiliwe. Mbinu hizo, ambazo kwa jumla huitwa kinga za kunakili, zilizaliwa na hofu yenye msingi, kwa kuwa programu ni mfuatano wa tarakimu na nakala yake ya elfu haina upungufu wowote ikilinganishwa na ya kwanza. Mwezi Februari 1976, kabla biashara ya michezo hii haijashika mizizi, Bill Gates aliwaandikia barua ya wazi wapenzi wa kompyuta wa Marekani akilalamika kwamba wengi waliokuwa wakitumia BASIC, programu iliyotungwa na kampuni yake, hawakuilipia. Lalamiko hilo lilikuwa la haki, na watunzi wa michezo waliokuja baadaye walikuwa na haki iyo hiyo ya kula jasho lao. Hata hivyo, kinga zilizobuniwa kwa jina la haki hiyo zilimwangukia zaidi yule aliyelipa, kwa sababu asiyelipa alipata nakala ambayo kinga yake ilikwisha kuvunjwa, na kila muongo ulipopita ufunguo wa mchezo ulizidi kusogezwa mbali na mkono wa mnunuzi.

Katika miaka ya 1980 michezo iliuzwa kwenye flopi, yaani diski laini za sumaku, na kampuni zilizoea kuweka humo makosa ya makusudi ambayo programu za kawaida za kunakili hazikuweza kuyarudia. Mchezo ulipofunguliwa uliyatafuta makosa hayo, na usipoyaona ulikataa kuendelea. Flopi ilikuwa kitu dhaifu kilichoharibiwa na joto, vumbi au sumaku, kwa hiyo mnunuzi mwangalifu aliyetaka kujiwekea nakala ya akiba alijikuta akizuiwa pamoja na mwizi. Wenye kompyuta ya Commodore 64 walipata adha ya ziada, kwani kila kosa la makusudi liliposomwa, kichwa cha kusomea diski kiligongwa kwenye kizuizi chake kwa kishindo, na wengi walilalamika kwamba kwa kugongwa hivyo kilihama mahali pake. Programu za kuvunja kinga, kama Locksmith iliyotoka mwaka 1981 kwa ajili ya kompyuta za Apple II, ziliuzwa hadharani, na sheria ya wakati huo haikuwa adui wa mnunuzi: tangu 1980 sheria ya Marekani ilimruhusu mwenye nakala ya programu kujiwekea nakala ya akiba, na mwaka 1988 mahakama ya rufaa, katika kesi ya Vault dhidi ya Quaid, ilikataa kuiharamisha programu iliyoshinda kinga ya diski, kwa kuwa ilikuwa na matumizi halali.

Kampuni nyingine zilihamishia kinga kwenye karatasi. Mchezaji aliombwa aandike neno fulani kutoka ukurasa fulani wa kijitabu cha maelekezo, na kwa kuwa vijitabu viliweza kutolewa fotokopi, wabunifu walitafuta njia za kuishinda mashine ya fotokopi. SimCity ya mwaka 1989 ilikuja na jedwali la alama lililochapwa juu ya karatasi nyekundu iliyokolea, ambayo fotokopi ilitoa nyeusi tupu, ingawa hata mwenye karatasi halisi ilimbidi aisogeze kwenye mwanga ndipo aisome. The Secret of Monkey Island ya mwaka 1990 ilikuwa na gurudumu la karatasi ngumu lenye nyuso za maharamia, ambalo mchezaji alilizungusha mpaka uso ulioonyeshwa kwenye kioo ukamilike, kisha akasoma mwaka ulioandikwa dirishani. Kabla ya hapo, mwaka 1985, toleo la Elite la kompyuta ya ZX Spectrum lilikuja na lenzi ya plastiki iliyoitwa Lenslok, ambayo ilitakiwa kuzipanga upya herufi zilizovurugwa kwenye kioo, na baadhi ya nakala za mwanzo zilifungashwa na lenzi isiyo yake, hivyo waliozinunua hawakuweza kucheza kabisa. Mbinu hizi ziliudhi, na aliyepoteza karatasi alipoteza mchezo. Lakini ni haki kusema kwamba zilikuwa za kiungwana kuliko zilizofuata, kwa sababu ufunguo ulikaa kabatini mwa mnunuzi, naye aliweza kumwazima ndugu yake, kuuza au kurithisha bila kumwomba mtu ruhusa.

Sidii zilipoenea katika miaka ya 1990, kwa muda mfupi zilikuwa kinga zenyewe, kwani megabaiti 650 zilizidi nafasi ya diski kuu za kompyuta nyingi na mashine za kuziandika zilikuwa ghali mno. Bei ya mashine hizo iliposhuka, zikaja SafeDisc ya kampuni ya Macrovision na SecuROM ya Sony DADC, ambazo hazikutosheka kukagua diski bali zilijipenyeza ndani ya mfumo endeshi, yaani programu mama inayoiongoza kompyuta yote. Mwaka 1998 Marekani ilipitisha sheria iliyokifanya kitendo chenyewe cha kuvunja kinga kuwa kosa, na hivyo mizani iliyomwelekea mnunuzi miaka kumi kabla ikageuzwa. StarForce, iliyotoka Urusi, ilichukiwa kuliko zote kwa tuhuma za kuvuruga kompyuta, hata kampuni ya michezo ya Ubisoft ikaacha kuitumia mwaka 2006. Madhara ya muda mrefu yalionekana mwaka 2015, pale Microsoft ilipokataa kuiingiza SafeDisc katika Windows 10 na kuizima katika matoleo yaliyotangulia kwa sababu za usalama, na michezo iliyonunuliwa kihalali ikabaki diski zisizofunguka. Hata kampuni zenyewe zilinaswa: mwaka 2008 Ubisoft, ilipotaka kuwasaidia wanunuzi wa Rainbow Six Vegas 2 ambao mchezo wao ulidai diski wasiyokuwa nayo, iliwapa faili lililotengenezwa na kundi la wavunja kinga.

Hatua iliyofuata iliuhamisha ufunguo kutoka nyumbani hadi kwenye seva, yaani kompyuta ya kampuni inayojibu maombi kupitia intaneti. BioShock ya mwaka 2007 iliwekewa kikomo cha mara ambazo mnunuzi angeweza kuusajili mchezo kwenye kompyuta, na Spore ya Electronic Arts, iliyotoka Septemba 2008, iliruhusu mara tatu tu. Hasira iliyofuata haikuwa ya wezi. Maelfu ya watu waliushushia mchezo huo alama ya chini kabisa kwenye duka la Amazon, kesi ikafunguliwa mahakamani, na kampuni ikaongeza kikomo hadi mara tano. Wakati huo huo nakala zilizovunjwa kinga, zisizo na kikomo chochote, zilisambaa bure kwa wingi mkubwa.

Mwezi Machi 2010 Ubisoft ilitoa Assassin's Creed II kwa kompyuta ikiwa na sharti kwamba intaneti isikatike muda wote wa kucheza, ingawa mchezo wenyewe ni wa mtu mmoja. Siku chache baadaye seva zilishambuliwa, na waliolipa wakafungiwa nje. Sharti kama hilo lilikuwa zito zaidi kwa mchezaji wa Dar es Salaam au Mombasa, miji iliyopata mkonga wa baharini wa SEACOM mwezi Julai 2009 tu baada ya miaka ya kutegemea setilaiti. SimCity mpya ya Machi 2013 ilirudia kosa lile lile: seva zililemewa siku ya kwanza, na mwaka mzima ukapita kabla ya watu kuruhusiwa kucheza bila mtandao.

Kulikuwa na njia nyingine, nayo ilijaribiwa. Duka la GOG, lililoanzishwa mwaka 2008 na kampuni ya CD Projekt ya Poland, liliuza michezo isiyo na kinga yoyote, na The Witcher 2 ilipotoka Mei 2011, SecuROM iliyokuwa kwenye nakala za diski iliondolewa mwezi huo huo. Wasimamizi wa GOG walieleza baadaye kwamba nakala iliyosambazwa na maharamia haikuwa ile iliyoachwa wazi, bali ile iliyokuwa na kinga. Ushahidi huo haukuzishawishi kampuni kubwa, ambazo kuanzia mwaka 2014 ziliikumbatia kinga ya Denuvo kutoka Austria. Mwezi Novemba 2021 anwani moja ya mtandaoni ya Denuvo ilipokosekana, michezo kadhaa ilikataa kufunguka kwa saa nyingi.

Tarehe 31 Machi 2024 Ubisoft ilizima seva za The Crew, mchezo wa mbio za magari ulioanza kuuzwa mwaka 2014, na hata sehemu zake za kuchezwa na mtu peke yake zikafa, kwa kuwa nazo zilitegemea seva. Mwezi Septemba mwaka huo California ilitunga sheria inayowalazimu wauzaji wa bidhaa za kidijitali kumweleza mteja kwamba anachopata ni leseni, ambayo inaweza kuondolewa. Kabla ya hapo, mwezi uliofuata uzimaji wa The Crew, mtengeneza video wa YouTube aitwaye Ross Scott alianzisha kampeni ya Stop Killing Games, na ombi lililotokana nayo katika Umoja wa Ulaya lilipita saini milioni moja mwaka 2025. Waliosaini hawadai seva ziendeshwe milele, wala hawapingi watunzi kulipwa; wanataka kampuni inapouacha mchezo iuache katika hali ambayo aliyeununua anaweza kuendelea kuucheza kwa kompyuta yake mwenyewe.