Miguu Haiuzwi kwa Kangomba

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ndivyo wazee walivyotufundisha, na huku kwetu Mnyambe mgeni hupewa kiti kabla hajaulizwa jina. Lakini ndugu msomaji, hebu tukae tuulizane: hao wageni waliopanda mlima huu kuja kutafuta watu, tangu zama za mababu mpaka leo, walikuja kumponya nani?

Nauliza hivyo kwa sababu ya jambo lililotokea nyumbani. Binamu yangu, mtoto wa njomba, anakimbia mbio ndefu. Alipokuwa kidato cha tatu alichaguliwa timu ya wilaya, basi sifa zikaenea. Haikupita wiki mbili akaja bwana mmoja, raba nyeupe, simu mbili mkononi, akasema yeye ni msaka vipaji na anapeleka vijana vyuo vikuu vya Marekani. Alimtazama binamu akikimbia mara moja tu, tena akiwa amekaa kwenye pikipiki. Akasema, "Huyu mtoto ni dola." Njomba akauliza kinachotakiwa. Akaambiwa laki tatu za fomu, na cheti kipya cha kuzaliwa, cha kumpunguzia kijana miaka miwili.

Ilikuwa mwezi wa tano, korosho hazijatoa hata maua. Njomba akaenda kwa mtu wa kangomba, akauza korosho ambazo hazijazaliwa, akalipa. Mpaka leo simu zote mbili za yule bwana hazipatikani.

Yule bwana tumwache aende zake. Kinachoniuma ni kwamba njia aliyoisema ipo kweli. Vijana wa Afrika Mashariki wamepita humo kwa zaidi ya miaka hamsini, na historia yao inajulikana. Ila sisi hatukuisoma, ndiyo maana tukauziwa upepo.

Tuanze na wasakaji wa zamani. Wakati wa ukoloni waliosaka watu hawakutaka mbio, walitaka mabega na mikono. Katika Vita Kuu ya Kwanza vijana wa kusini walibebeshwa mizigo ya majeshi, na vita hivyo vilipita hapa hapa, Masasi na Newala, mpaka Wajerumani wakavuka Ruvuma mwezi Novemba 1917. Baadaye ukaja mkonge. Mwaka 1944 wenye mashamba walianzisha ofisi yao ya kuandikisha vibarua, SILABU, ikatuma watu wake mikoani. Aliyeandikishwa alipewa namba, ndiyo maana akaitwa manamba. Alipewa pia kipande, kadi yenye nafasi za siku 30 za kazi. Siku isiyotimiza kazi haikuhesabiwa, hata kama jasho limetoka.

Babu yetu aliwahi kuwa manamba. Alikuwa akisema hivi: mtu wa kuandikisha hakuwa mwongo, ila alisema nusu. Alisema habari za mshahara, hakusema habari za kipande. Shikeni maneno hayo, nitayarudia.

Halafu ikaja njia ya pili, mtihani. Benjamin Mkapa alizaliwa Lupaso, Masasi, mwaka 1938. Akasoma Ndanda, akaenda Kigonsera, Pugu, kisha Makerere, na mwaka 1995 akachaguliwa kuwa Rais. Mtihani ulisaka vichwa. Ulikuwa mkali, uliacha wengi njiani, lakini aliyefaulu alijua alichopewa: darasa na cheti.

Njia ya tatu ndiyo ya miguu. Kule Marekani vyuo vikuu hushindana kwa michezo kama huku Simba na Yanga, na kocha wa chuo ni mwajiriwa. Asiposhinda, kazi inaota mbawa. Kwa hiyo makocha walianza kutazama mbali. Robert Ouko na Julius Sang wa Kenya, waliokuwamo katika timu iliyotwaa dhahabu ya kupokezana vijiti mita 400 mara nne mjini Munich mwaka 1972, walisoma North Carolina Central. Chuo cha Washington State kikapata Wakenya kina Samson Kimobwa, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 10,000 mwaka 1977, na Henry Rono. Chuo cha Texas kilichoko El Paso kikamchukua Mtanzania, Suleiman Nyambui wa Majita, Musoma.

Nyambui huyu tusimpite haraka. Alishinda mita 10,000 za vyuo vikuu vya Marekani miaka minne mfululizo, 1979 hadi 1982. Mwaka 1980 alishinda pia mbio za nyika za vyuo, na mwaka huo huo kule Moscow akapata medali ya fedha ya Olimpiki katika mita 5,000. Mwaka 1981 chuo chake kilishinda mbio za nyika kwa pointi 17. Katika mbio hizo timu huhesabiwa nafasi za watu wake watano wa mbele, kwa hiyo pointi chache kabisa zinazowezekana ni 15. Yaani walikaribia kumaliza watano bora wote wao, na walikuwa Waafrika.

Wamarekani wakapiga kelele. Nyambui alizaliwa mwaka 1953. Alipokuwa akishinda mbio hizo alikuwa na miaka 26 hadi 29, na aliokimbia nao wengi walikuwa vijana waliotoka shule juzi. Hakudanganya umri, kanuni ya wakati ule iliruhusu. Lakini katika miaka ya 1980 chama cha michezo ya vyuo, NCAA, kilibana: mashindano rasmi unayoshiriki baada ya umri fulani, kabla hujaingia chuoni, yakaanza kukupunguzia miaka minne ya kuchezea chuo. Kanuni zimebadilikabadilika tangu hapo, lakini funzo ni lile lile. Ukimaliza shule ukakaa mtaani miaka mitatu unakimbia huku na huku ukingoja bahati, bahati yenyewe inapungua.

Hapo ndipo walipozaliwa wapunguza umri. Ndugu yangu, usiwasikilize! Tazama Uganda. Mwaka 2011 watoto wa Uganda walishinda kanda yao katika besiboli ya watoto, wakapata haki ya kwenda fainali za dunia kule Williamsport, Pennsylvania. Timu ya kwanza kutoka Afrika. Wakanyimwa viza, kwa sababu karatasi za umri wa baadhi yao hazikupatana. Timu nzima ikabaki nyumbani, pamoja na wale ambao karatasi zao zilikuwa safi. Mwaka uliofuata timu ya Lugazi ilikwenda, ikacheza, na mlango ukabaki wazi: mwaka 2022 vijana wawili wa Uganda, Umar Male na Ben Serunkuma, walisaini na klabu ya Los Angeles Dodgers. Cheti cha kweli ni kipaji cha pili. Na sisi wa vijijini tunaojiandikisha tukiwa tumeshaota ndevu, tuwahimize wazazi: mtoto akizaliwa, cheti kichukuliwe.

Sasa nirudi kwa babu: mwandikishaji alisema nusu. Je, nusu isiyosemwa katika njia hii ya miguu ni ipi?

Ni kwamba ufadhili si neno moja. Tangu mwaka 1973 ufadhili wa mchezaji wa chuo ulitolewa kwa mwaka mmoja mmoja. Ukiumia goti, au kocha akipata mwenye kasi kuliko wewe, mwaka uliofuata aliweza asikuandikie tena. Ni mwaka 2012 tu vyuo viliporuhusiwa kutoa mkataba wa miaka kadhaa, na kuruhusiwa si kulazimishwa. Tena ufadhili hukatwa vipande. Kwa miaka mingi timu ya wanaume ya riadha na mbio za nyika, katika daraja la juu, iliruhusiwa ufadhili kamili 12.6 tu, besiboli 11.7 kugawana watu 27. Ndiyo, kuna nukta hapo! Maana yake mmoja anapata nusu, mwingine robo. Tangu mwaka 2025 vyuo vilivyoingia katika utaratibu mpya vimeondolewa ukomo huo na kuwekewa ukomo wa idadi ya wachezaji, lakini kocha bado ana fungu lake na anakata anavyopenda. Robo ya ufadhili kwa mtoto wa Mnyambe ni deni la kufilisi ukoo.

Nusu ya pili isiyosemwa ni kwamba miguu ina mwisho. Rono, mwaka 1978, akiwa mwanafunzi, alivunja rekodi nne za dunia katika siku 81. Hakuna aliyewahi kuona jambo kama hilo. Lakini Olimpiki ya 1976 na ya 1980 Kenya iligoma, hakukimbia hata moja. Baadaye pombe ikamshika, habari aliyoiandika mwenyewe bila kuficha, na kuna wakati alibeba mizigo ya abiria uwanja wa ndege wa Albuquerque. Alifariki mwaka 2024. Simcheki, nani awezaye kumcheka Rono? Nasema tu kwamba hata miguu iliyo bora kuliko yote duniani ilipofika mwisho, mwenye miguu alihitaji kitu kingine cha kusimamia.

Mtazame na Mike Boit. Alipata shaba ya mita 800 mwaka 1972, akasoma Marekani mpaka udaktari wa elimu, akarudi Kenya akawa mwalimu wa chuo kikuu na Kamishna wa Michezo. Nyambui naye alirudi, akawa kocha na Katibu Mkuu wa chama chetu cha riadha. Hawa walitoa miguu, wakachukua darasa. Hiyo ndiyo biashara halali.

Kwa hiyo kijana mwenzangu, akija msaka vipaji, mpe kiti, mpe maji, kisha umuulize bila woga. Chuo gani, na kocha ni nani? Kocha wa kweli huandika kwa anwani ya chuo chake. Ufadhili ni kiasi gani: ada peke yake, au na chakula, malazi na vitabu? Ni wa mwaka mmoja au minne? Nikiumia je? Fomu ya I-20, ambayo bila hiyo hupewi viza ya mwanafunzi, hutolewa na chuo, haitolewi na mtu wa pikipiki. Ada za viza na za usajili zipo, lakini hulipwa mahali pake na risiti hutolewa; haziingii kwenye namba ya simu ya mtu. Akijibu vizuri, mpeleke kwa mwalimu mkuu ayaseme tena mbele ya watu. Akikasirika, basi umeshapata jibu.

Wewe nawe uwe na chako. Muda wako uandikwe katika mashindano rasmi. "Nilimshinda fulani" si muda. UMISSETA si mchezo wa kupotezea vipindi, na mwaka 2021 fainali zake zilifanyika Mtwara, mlangoni kwetu. Daftari nalo usiliache. Wanaangalia matokeo ya kidato cha nne: Kiingereza, hisabati, sayansi, masomo ya jamii. Mwenye miguu ya dhahabu na sifuri ya Kiingereza haingii.

Na wazazi, neno moja. Wasichana wanaoshuka mabondeni kutafuta maji na kupanda na ndoo kichwani, mnadhani hawana mapafu? Sheria ya Marekani ya mwaka 1972 ilivilazimisha vyuo kuwapa wanawake nafasi sawa. Katika riadha, kwa miaka mingi, ukomo wa ufadhili wa wanawake ulikuwa 18, pale wanaume walipopata 12.6. Mnayemtoa shule akaolewe pengine ndiye mwenye njia pana zaidi.

Sisi watu wa korosho tunaijua kangomba vizuri. Mnunuzi anakuja wakati wa njaa, hana mizani, ana chombo chake mwenyewe, na bei anaipanga yeye. Ndiyo maana mwaka 2007 Mtwara ikaanza stakabadhi ghalani: mzigo unapimwa, unaandikwa, karatasi unabaki nayo. Miguu nayo inataka mizani na stakabadhi.

Binamu yangu bado anakimbia. Asubuhi namsikia akipita barabara ya mchanga kabla jogoo hawajawika mara ya pili. Njomba amenunua bahasha ya kaki, ndani yake mna cheti cha kuzaliwa chenye mwaka wa kweli, ripoti za shule, na karatasi mbili za matokeo ya mbio zenye mhuri. Inakaa juu ya kabati. Akija mgeni mwingine, kiti kipo, na bahasha ipo.